Nilivyohama Windows, Isipokuwa Mashine Moja

Hakuna anayekuja saiba Kehancha kuvinjari tena. Kuvinjari kulihamia simuni zamani. Anayesukuma mlango wangu leo ametumwa na serikali, na shule au na mwajiri. Anatafuta cheti cha polisi cha tabia njema. Ana mtoto aliyemaliza kidato cha nne, anataka achaguliwe kozi kwenye KUCCPS. Amesahau nywila yake ya eCitizen. Anataka kusajili familia kwenye bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Na mwezi wa Juni ukikaribia kwisha, hata wale ambao hawajawahi kugusa kibodi hujaza benchi hadi barazani, kwa sababu marejesho ya kodi yana mwisho wake tarehe 30, na mwenye PIN ya KRA anatakiwa ajieleze hata kama mwaka mzima hakupata senti ya kutozwa kodi.

Saiba ya mji mdogo, kwa ufupi, ni ofisi ya serikali isiyo na bendera. Kompyuta zangu zikilala, mzee wa Masaba atapanda pikipiki bure, na kijana wa Ikerege atakosa nafasi ya kazi aliyoiona jana kwenye simu. Ndiyo maana tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, haikuwa habari ya watu wa Nairobi au Marekani peke yao. Ilikuwa habari ya meza zangu.

Nitoe ushuhuda wangu kwa mpangilio, ingawa mambo yenyewe hayakuja kwa mpangilio.

Mashine zangu ni za mtumba, kama zilivyo nyingi katika saiba za huku. Ni sipiyu za ofisi zilizotumika Ulaya, zikapakiwa kontena, zikashushwa Mombasa, zikauzwa Nairobi, ndipo zikafika Kuria Magharibi ndani ya basi la usiku zikiwa zimefungwa blanketi. Nyingi ni Dell OptiPlex 7010 na HP za rika lake, zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, za mwaka 2012 hivi. Pembeni nilikuwa nimebaki na OptiPlex 780, kuukuu zaidi, zenye Core 2 Duo na RAM ya gigabaiti 2. Hizi za pembeni ndizo wanafunzi wa pakeji, yaani kozi fupi ya kompyuta, walizokuwa wakijifunzia kuchapa.

Kuhama toleo halikuwa jambo geni kwangu. Windows XP ilifungwa tarehe 8 Aprili 2014, tukahamia Windows 7. Windows 7 nayo ikafungwa tarehe 14 Januari 2020, tukahamia Windows 10. Mara zote mbili mfumo ulipita na mashine ikabaki. Ilikuwa kazi ya usiku mmoja: unahifadhi faili, unafuta diski, unasakinisha, asubuhi unawaonyesha wateja kitufe kimehamia wapi. Windows 10 yenyewe ilipotoka tarehe 29 Julai 2015 Microsoft iliwapa bure wenye Windows 7 na 8.1 kwa mwaka mzima. Watu wakazoea kwamba toleo jipya ni jambo la kubofya na kusubiri.

Windows 11 ilikuja na masharti ya aina nyingine. Ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na pamoja na RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha maalumu. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo, ukitoa vighairi vichache, inaanzia kizazi cha 8, yaani chipu zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. OptiPlex 7010 ina TPM, lakini ya 1.2. Prosesa yake ni ya kizazi cha tatu. Inafungua kivinjari chenye kurasa kumi, inaskani, inaprinti, inacheza video ya somo la hesabu bila kukwama. Nguvu inazo. Kilichokosekana ni kibali.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tarehe ni moja, lakini haimfikii kila mtu kwa uzito uleule. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa na laptopu aliyoinunua kwa mkopo wa sacco, ya kizazi cha 11. Kwake Windows 11 iliingia bure. Kilichotumika ni bando tu, na bando lenyewe lilikuwa la kwangu kwa sababu aliiacha ipakue usiku kucha hapa ofisini. Alipokuja kuichukua alikuwa na lalamiko moja: kitufe cha Start kimetoka pembeni kikakaa katikati. Nikakirudisha pembeni kwenye mipangilio, akaondoka ameridhika. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye laptopu yake ilitengenezwa miaka michache tu kabla ya ile, aliambiwa na skrini kwamba kompyuta yake haijatimiza mahitaji. Akaniuliza kama ameibiwa aliponunua.

"Hujaibiwa," nikamwambia. "Umezaliwa mapema."

Mafundi nao walikuwa na dawa yao. Mmoja wa Isebania alinihakikishia kwamba ana flashi inayoruka ukaguzi wote, na kwamba Windows 11 ingeingia kwenye mashine zangu kabla chai haijapoa. Ni kweli njia hizo zipo na watu wengi wanazitumia. Sikuzichukua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: tangu toleo liitwalo 24H2, la mwaka 2024, Windows 11 inatumia maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina kabisa, kwa hiyo zile 780 zisingewaka hata kwa ujanja. Na hata kwenye zile 7010, Microsoft haimwahidi masasisho mtu aliyeingilia dirishani. Nihangaike kuhama Windows 10 kwa sababu ya masasisho, halafu nihamie mahali ambapo sina uhakika wa masasisho?

Sababu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi. Kwenye saiba yangu kuna skani za vitambulisho vya watu, nywila za KRA, hati za mashamba, barua za mahakama. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa siku moja, kikafunga faili za watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Mwanya kilioutumia ulikuwa umeshazibwa na sasisho la mwezi Machi mwaka huohuo. Walioathirika walikuwa hasa wale ambao sasisho hilo halikuwafikia au hawakulipokea. Kwa hiyo anayesema mfumo uliofungwa unaendelea kuwaka kama kawaida hasemi uongo. Unawaka. Ila kila mwanya unaogunduliwa baada ya siku ya kufungwa hubaki wazi, na wezi wanajua uko wapi kwa sababu matoleo mapya yanapozibwa, wao husoma kilichozibwa.

Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Rongo alinikuta katika hali hiyo wakati wa likizo. Akatoa flashi mfukoni.

"Mjomba, usifute kitu. Washa kutoka hapa kwanza, uone."

Ilikuwa Linux Mint 22, mfumo wa bure. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mfumo huo unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukajaribu kila kitu, ukazima, na Windows yako ikabaki kama ilivyokuwa. Tukachukua mashine ya pembeni, tukaiwasha hivyo. Intaneti ikashika. Kivinjari kikafungua eCitizen. Printa kubwa ya ofisi ikajitokeza kwenye orodha yenyewe. Skana ikafanya kazi kwa programu ndogo iliyokuwemo tayari. Kilichotushinda siku hiyo ni printa moja ndogo ya leza, ambayo kiwanda chake hakikuwa na programu nzuri ya Linux kwa modeli ile. Hadi leo haijakubali, nimeiacha kwenye Windows.

Nilihama mashine moja moja, nikianzia zile ambazo hazikuwa na cha kupoteza. Badala ya kununua kompyuta nyingine nilinunua diski ndogo za SSD, kitu ambacho ningemshauri kila mwenye mashine kuukuu hata kama anabaki na Windows, maana nusu ya uzee wa kompyuta uko kwenye diski inayozunguka. Core 2 Duo yenye RAM kidogo nikaipa Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi, na RAM nikaiongeza kutoka kwenye mashine zilizokufa.

Faida ya kwanza niliyoiona haikuwa kasi. Ilikuwa flashi. Wenzangu wa saiba watanielewa: mwalimu anakuja na flashi iliyopita kwenye kompyuta ya shule, ya jirani na ya saiba nyingine tatu, unaifungua, na kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Kirusi hicho kimekula saa zetu nyingi, na mara nyingine sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukikisambaza kutoka meza hii hadi ile. Kimeandikwa kwa Windows. Kwenye Linux unaziona faili halisi zilizofichwa, unazitoa, unafuta takataka, unaendelea na kazi. Siku hizi flashi yoyote ya nje inapita kwanza kwenye mashine ya Linux, na hiyo imekuwa sheria ya nyumba.

Faida ya pili ni kwamba masasisho yananingoja mimi. Kehancha stima inaweza kupotea wakati wowote, na kompyuta inayojisasisha wakati wa kuzimwa, stima ikipotea katikati, ni balaa. Sasa nachagua saa: jioni, foleni ikiisha, nikiwa na bando na stima imetulia.

Sitaki kuhubiri, maana hasara nazo zilikuja, na ya kwanza ililetwa na mtihani wa kemia.

Walimu wa shule za upili za hapa huandika mitihani ya muhula kwa Word, kwenye laptopu zao, kisha huileta kwetu kuprintiwa na kutolewa kopi. Mwalimu wa kemia alileta mtihani wake ukiwa kurasa nane. Nilipoufungua kwa LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word na Excel kwenye Mint, ukawa kurasa tisa, na ukurasa wa tisa ulikuwa na mistari miwili tu. Nane ni karatasi nne pande zote mbili; tisa ni tano. Kwa wanafunzi mia mbili hizo ni karatasi mia mbili zaidi, karibu nusu ya rimu, na gharama hiyo shule haikuwa imeipangia. Mbaya zaidi, mshale uliokuwa ukionyesha mrija wa kutolea gesi ulikuwa umesogea ukaelekea hewani.

"Mwalimu, hapa kuna gesi inayotoka wapi?" nikamuuliza.

Akainama kwenye skrini, akavua miwani. "Mura, ukiwapa watoto mtihani huu, hata mimi nitaufeli."

Sababu zake nilizijua baadaye kwa kuchokonoa. Mwandiko wa Calibri na Cambria ambao Word huutumia ni mali ya Microsoft, haumo ndani ya Linux. Mfumo unapoukosa hutafuta wa kuubadilisha, na kama upana wa herufi ni tofauti, mistari inasogea na kurasa zinaongezeka. Kuna miandiko ya bure, Carlito na Caladea, iliyochorwa makusudi iwe na upana sawa na ile. Nilipoisakinisha na kuipanga, kurasa tisa zikarudi nane. Michoro iliyotengenezwa kwa visanduku na mishale ndani ya Word bado huyumba. Kwa hiyo ninawaomba walimu walete PDF, ambayo hufunguka vilevile kwenye kila mashine, na Word yenyewe inaitoa kwa kubofya mahali pamoja. Asiyeleta PDF namprintia kwenye mashine ya Windows.

Tusidhani kwamba ni shida ya wanyonge wa mpakani. Jiji la Munich huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likamaliza kuhama mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows, huku malalamiko kuhusu nyaraka zisizoelewana na ofisi nyingine yakiwa miongoni mwa hoja. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta zake takriban 30,000 kwenda LibreOffice na hatimaye Linux. Wenye bajeti wanakwenda na kurudi. Mwenye saiba hana baraza la kupiga kura, ana foleni.

Hasara ya pili ililetwa na mama mmoja wa Mabera. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kama ilivyo desturi, alikuwa kwangu akisoma pakeji kabla ya kujiunga na chuo. Mama akaja kuona fedha zake zinafanya nini. Akasimama nyuma ya kiti cha binti, akasoma jina lililo juu ya dirisha.

"Mwanangu, mimi nimelipa afundishwe Word. Hii Writer imetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba kuandika barua ni kuandika barua, kwamba majedwali na kanuni za hesabu ni zilezile, kwamba binti akiijua hii ataijua na ile. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sawa. Na akienda kuomba kazi, tangazo linasema nini?"

Tangazo linasema Microsoft Office. Mama yule alikuwa na haki, na sikuona sababu ya kubishana naye kwa maneno ya uhuru wa programu wakati anayetafutiwa riziki ni mtoto wake. Tukaafikiana: wanafunzi wanaanza kwa LibreOffice, wanamalizia wiki za mwisho kwa Word na Excel halisi kwenye mashine ya Windows, kwa zamu. Wengi hutulia wanapogundua kwamba vidole havijapotea njia. Lakini bado naamini kwamba watangazaji wa kazi wa nchi hii wanatulazimisha kununua jina wakati wanachohitaji ni ujuzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo la Kiswahili la programu ya aina hii, Jambo OpenOffice, tangu Desemba 2004. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na karani wa Kuria bado anaulizwa kama anajua Word.

Iko pia fomu ya kodi. Mwenye mshahara peke yake anaweza kujaza marejesho ndani ya kivinjari, na hapo Linux haina tatizo. Mwenye biashara, nyumba ya kupangisha na mapato mengine hujaza faili la Excel lenye makro. Faili likishathibitishwa huzaa faili jingine la zip, na hilo ndilo linalopakiwa iTax, mfumo wa KRA. Makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel hazina uhakika wa kutembea ndani ya LibreOffice, na tarehe 29 Juni si siku ya kufanyia majaribio kwa kodi ya mtu.

Hivyo ndivyo mashine moja ya 7010 ilivyobaki na Windows 10. Ina leseni yake, na niliisajili kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida. Mpango huo ni wa mwaka mmoja tu baada ya kufungwa, na wengi hawakuusikia: unalipia dola 30, au unaingia bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft. Sharti ni uwe na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2. Wazee wakifika huniuliza kwa utani, "Mura, leo tunakaa upande wa Wazungu au upande wa bure?" Upande wa Wazungu ndio ile mashine moja.

Windows si peke yake. Binamu yangu alitumiwa MacBook Air ya mwaka 2015 na dada yake aliye Marekani. Ganda lake linang'aa kuliko kitu chochote kilichomo humu ndani. Mfumo wa mwisho inaoukubali ni macOS Monterey wa mwaka 2021. Apple haina desturi ya kutangaza tarehe ya kufunga miaka kadhaa mapema kama Microsoft. Masasisho hukoma tu, wewe ndiwe unayegundua. Binamu alishangaa zaidi ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu alidhani bei ya kitu ndiyo umri wake.

Kwenye simu hali ni hiyohiyo. Wateja wangu wengi hunitumia hati za kuprinti kwa WhatsApp. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 na zilizotangulia, na kipindi kilekile ikazifikia simu za KaiOS, zile za vibonye zenye intaneti. Kutoka Sirare, ng'ambo ya mpaka, huvuka akina mama wafanyabiashara waliokuwa na Smart Kitochi, iliyouzwa na Vodacom Tanzania tangu 2019, simu ya bei nafuu iliyowaingiza WhatsApp kwa mara ya kwanza. Mmoja alinipa simu yake nimtengenezee. Betri nzima, skrini nzima, laini inashika pande zote mbili za mpaka. Hakukuwa na cha kutengeneza. Alianza kuniletea karatasi mkononi, kama zamani.

Na Linux nayo ina mlango wake wa kutokea. Katibu wa kikundi kimoja cha wakulima alinisikia nikiisifu, akaleta kilaptopu kidogo cha mwaka 2009 chenye prosesa ya Atom ya biti 32. Linux Mint ya kawaida ilishaacha biti 32 miaka kadhaa iliyopita. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Nikamwekea Debian 12, nikamwambia ni kituo cha mwisho. Anaandikia kumbukumbu za mikutano, haiingizi kwenye mtandao, inamtosha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ahame, simjibu kabla sijaiona mashine yake na kabla hajaniambia anaifanyia nini. Aliye na kizazi cha 8 na kuendelea achukue Windows 11, ni bure kwake na itamsumbua kidogo tu. Anayetegemea programu ya Windows isiyo na mbadala, na mashine yake ni kuukuu, ajisajili kwa masasisho ya ziada aanze kuweka akiba. Anayeishi ndani ya kivinjari, barua na PDF, kama walivyo wengi wanaokuja kwangu, ajaribu Linux kutoka kwenye flashi kwanza, na ahakikishe printa yake imekubali kabla ya kufuta chochote. Anayekwenda Nairobi kununua mtumba amuulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, kwa sababu mashine za kizazi cha sita na cha saba zimejaa madukani sasa hivi kwa bei ya kuvutia, na sababu ya bei hiyo ndiyo hii niliyoieleza.

Walimu wa Kuria, leteni PDF. Na ofisi zinazotutengenezea fomu, ziwekeni ndani ya kivinjari, mahali ambapo mwenye Windows, mwenye Mac, mwenye Linux na mwenye simu wote wanafika.

Mashine yangu ya Windows ina ulinzi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Zile za Mint 22 zina hadi Aprili 2029.